DALILI YA MVUA NI MAWINGU: Vijana Wetu na Ugonjwa wa Akili Unaorudi

Mkulima asiyejua kusoma wala kuandika hutazama juu, akaona wingu jeusi linakusanyika, akawaambia watoto wake waanue mpunga uliotandazwa uani. Hakuna amwitaye mchawi kwa kuwa ameitabiri mvua. Watu husema ana maarifa. Tena, ndugu msomaji, tukumbuke kwamba mkulima huyo hakuizuia mvua, aliuokoa mpunga.

Leo nataka kusema habari ya mvua ya namna nyingine, ile inyeshayo vichwani mwa baadhi ya vijana wetu, ikapita, jua likawaka, kisha ikarudi. Nauliza: je, yawezekana kuyaona mawingu yake kabla haijanyesha? Na kama yaonekana, ni kazi ya nani kuyatazama, na ni nani atakayeuanua mpunga?

Siulizi kwa kuwa mimi ni daktari. Nauliza kwa kuwa nina deni.

TULIMPIGIA MAKOFI

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi pamoja na kijana mmoja katika nyumba ya kupiga chapa ambayo sitaitaja. Alikuwa wa zamu ya usiku, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, mpole na msikivu, wala hakuwa mtu wa maneno mengi. Basi katika mwezi mmoja kijana huyu akageuka. Akawa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Zamu ilipokwisha alfajiri hakwenda kulala. Alibaki akisafisha mitambo na kuandika mapendekezo ya kuongeza kazi, kurasa arobaini kwa mkono wake. Katika mkutano wa wafanyakazi alisimama akasema kwa muda wa saa nzima, maneno yakimtoka kama maji ya mto uliofurika, nasi tukampigia makofi. Mimi mwenyewe nilisimama nikamtaja kuwa mfano wa mfanyakazi mwenye ari. Nilisema, laiti tungekuwa na vijana kumi wa namna yake.

Hazikupita wiki mbili akawa amekopa fedha kwa watu saba na kuzigawa kwa watu asiowajua. Usiku mmoja alikutwa katika kituo cha mabasi, hana viatu, akiwahutubia abiria kwamba ametumwa kuliokoa taifa. Watu wakamfunga kamba. Nilipokwenda kumtazama hospitalini nilimkuta mama yake ameketi nje juu ya kanga. Hakunigombeza. Alisema tu: “Mwanangu, huyu mdogo wako ana wiki tatu hapati usingizi. Ninyi mliokuwa naye usiku kucha, hamkuona?”

Tuliona. Tuliona kila kitu, tukakiita ari. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza habari za ugonjwa huu, na haya ninayoyaandika leo ni sehemu ya kulipa deni langu kwa mama yule.

UGONJWA WENYEWE

Madaktari huuita ugonjwa huu bipola, maana yake ugonjwa wenye ncha mbili; wengine husema ugonjwa wa hisia mseto. Ncha ya kwanza ni mania. Mgonjwa hujaa nguvu kupita kiasi, hulala kidogo wala hasikii uchovu, husema upesi na kuruka kutoka jambo hili hata lile, hutumia fedha ovyo, hujiona mkuu kuliko wote, na akipingwa hukasirika. Ncha ya pili ni sonona. Mtu yule yule huzimika kama taa iliyokwisha mafuta: hapendi chakula wala mazungumzo, kuamka kitandani kwake ni kama kubeba mzigo, na huweza kufikiri kwamba afadhali kufa. Kati ya ncha hizo mbili mgonjwa hupata kipindi cha uzima. Hufanya kazi, hucheka, hulipa madeni yake. Hapo ndipo jamaa husema amepona, kumbe ugonjwa umepumzika.

Si ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu wapatao milioni 40 ulimwenguni walikuwa nao. Wala hauchagui mzungu au mwafrika, tajiri au maskini. Ila una tabia moja mbaya: hupenda kuanza ujanani, katika miaka ya mwisho ya shule na miaka ya ishirini na kitu, yaani wakati ule ule kijana anapofanya mtihani, anapotafuta kazi ya kwanza, anapofikiri kuoa au kuolewa. Ni kama nzige washukao shambani wakati mtama unapotoa masuke.

Kwamba ugonjwa huu huzunguka na kurudi ni jambo lililojulikana zamani. Daktari mmoja wa Paris, Jean-Pierre Falret, aliueleza mwaka 1854 kuwa ni wazimu wa mzunguko: furaha ya kupita kiasi, kisha huzuni, kisha kipindi cha utulivu, na gurudumu likaanza tena. Baadaye Emil Kraepelin wa Ujerumani alimwekea kila mgonjwa kadi yake, akiandika jinsi ugonjwa ulivyoanza, ulivyokwenda na ulivyokwisha. Hakumhukumu mtu kwa siku moja aliyomwona hospitalini, bali kwa mwendo wa miaka. Kwa njia hiyo, mwaka 1899, aliutenga ugonjwa huu na magonjwa mengine ya akili. Tazama basi, chombo cha kwanza cha maarifa haya kilikuwa kadi na kalamu, pamoja na subira ya kuandika.

VIJANA 413 WA MAREKANI

Tangu karibu mwaka 2000 wachunguzi wa Marekani wameifuata njia hiyo ya Kraepelin kwa vijana. Dk. Boris Birmaher wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown na wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, waliwaandikisha watoto na vijana wenye ugonjwa huu, wa umri kati ya miaka 7 na 17, wakawa wanarudi kuwauliza hali zao tena na tena, mwaka hata mwaka.

Mwaka 2009 walitoa habari za vijana 413. Miaka miwili na nusu hivi tangu kipindi cha ugonjwa kuanza, katika kila vijana 100 zaidi ya 81 walikuwa wamepata nafuu kamili. Hiyo ni habari njema, na mzazi mwenye mtoto mgonjwa aikate na kuitia katika Biblia au Msahafu wake. Walakini, mwaka mmoja na nusu baada ya nafuu hiyo, zaidi ya 62 katika kila 100 walikuwa wamerudiwa, na wengi wao walirudiwa na sonona. Tena kwa wastani, kati ya kila wiki kumi walizofuatwa vijana hao, wiki sita zilikuwa na dalili fulani za ugonjwa.

Ni akina nani waliokwenda vibaya zaidi? Wale walioanza kuugua wakiwa wadogo sana; wale waliougua kwa muda mrefu; wale ambao katika ukoo wao mna wengine wenye magonjwa ya hisia; na wale waliotoka katika nyumba maskini. Ndugu wafanyakazi, hilo la mwisho tulisome mara mbili. Chama chetu kilipozaliwa tulifundishwa kwamba maadui wetu ni watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Huko Marekani, nchi yenye utajiri mwingi, wachunguzi wamewakuta maadui hao wakitembea bega kwa bega juu ya mwili wa mtoto mmoja.

KIKOKOTOO CHA MARADHI

Wafanyakazi wa nchi hii walilizoea neno kikokotoo katika ubishi wa mafao ya uzeeni. Sasa wataalamu wametengeneza kikokotoo cha namna nyingine. Mwaka 2020 Dk. Birmaher na wenzake walitangaza hesabu waliyoifanya kutokana na vijana wale waliofuatwa kwa zaidi ya miaka kumi. Daktari hutia ndani yake habari za kijana mmoja: alianza lini kuugua, alipata nafuu lini, ugonjwa ulipokuwa mkali ulikuwa mkali kiasi gani, na mengineyo. Hesabu nayo humjibu: kijana huyu ana nafasi kiasi gani ya kurudiwa na sonona au mania katika muda fulani ujao.

Tusidanganyike kwamba hii ni ramli. Kikokotoo hakisemi, “Huyu ataugua Jumatano.” Husema kama watu wa hali ya hewa wasemavyo, kwamba nafasi ya mvua ni kubwa au ndogo. Chaweza kupambanua walio katika hatari zaidi na walio katika hatari ndogo vizuri kuliko mtu anayekisia tu, lakini hukosea pia. Yuko kijana atakayehesabiwa kuwa wa hatari naye akae salama miaka mingi. Yuko na wa pili atakayehesabiwa kuwa salama, akaanguka.

Hata hivyo hesabu hiyo imetoa fundisho moja ambalo mtu yeyote aweza kulichukua bila mashine. Jambo lililokuwa na uzito kuliko yote katika kutabiri lilikuwa hili: nafuu imepatikana lini. Aliyepata nafuu karibuni ndiye aliye karibu zaidi na kurudiwa, na kadiri siku za uzima zinavyoongezeka ndivyo hatari inavyopungua. Sasa tuitazame desturi yetu. Kijana anapotoka hospitalini tunachinja kuku, tunamshukuru Mungu, na wiki ya pili yake tunamrudisha kwenye zamu ya usiku na kumwambia aziache dawa, kwa kuwa ni mzima. Yaani tunalala usingizi katika saa ile ile inayotaka mlinzi awe macho.

MZEE WA MELBOURNE

Kuhusu dawa, kisa kimoja chatosha. Huko Australia, karibu na mji wa Melbourne, alikuwako daktari aitwaye John Cade, aliyewahi kuwa mfungwa wa Wajapani katika vita kuu ya pili. Mwaka 1948 alijaribu kumpa chumvi ya lithiamu mwanamume mmoja wa miaka 51, aliyekuwa katika mania kwa miaka mitano mfululizo, mchafu na msumbufu, ambaye wengi walikuwa wamekwisha kumkatia tamaa. Katika wiki chache mtu yule alitulia. Baada ya miezi kadhaa alitoka hospitalini akarudi kwenye kazi yake ya zamani. Cade aliandika habari hiyo mwaka 1949, na lithiamu hata leo ni miongoni mwa dawa bora za kuzuia ugonjwa huu usirudi.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mtu yule, akiwa nyumbani na kazini, aliacha kumeza dawa. Haikupita nusu mwaka akarudishwa hospitalini, hali yake ni ile ya zamani. Mgonjwa huyo wa Cade ndiye pia aliyetuonyesha kinachofuata ikiachwa. Na mwaka 1950 alikufa kwa sumu ya dawa ile ile, maana siku zile kiasi chake mwilini hakikupimwa kama kinavyopimwa sasa. Kwa hiyo yako mafundisho mawili ndani ya kisa kimoja. Dawa isiachwe kwa sababu mtu ajiona mzima. Tena dawa hii haimezwi kwa kukisia wala kwa kuazimana, bali kwa amri ya daktari na kwa kupimwa damu, kwa kuwa kati ya kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru pana nafasi nyembamba.

KADI YA WATU WA MANCHESTER

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 1999 Alison Perry na wenzake, huko Manchester nchini Uingereza, walitangaza habari za wagonjwa 69 wenye bipola, watu wazima, ambao wote walikuwa wamerudiwa katika mwaka uliotangulia. Wote waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Lakini nusu yao walipata jambo la zaidi: vikao saba hadi kumi na viwili vya kufundishwa kuzitambua dalili zao za mwanzo na kutafuta msaada upesi.

Mwalimu wao hakuwa bingwa mashuhuri. Alikuwa mwanasaikolojia wa uchunguzi, asiye na uzoefu mwingi wa kutibu. Alikaa na mgonjwa wakakumbuka pamoja: kabla hujaanguka mara ya mwisho, ni kitu gani kilitangulia? Na kabla ya hapo? Wakaona kwamba kila mtu ana alama zake, nazo hurudi zile zile kila mara. Mmoja huanza kuamka saa tisa za usiku. Mwingine huanza kununua vitu asivyovihitaji, na wa tatu hugombana na kila mtu. Wakaziandika dalili hizo pamoja na hatua za kuchukua na watu wa kuwaendea, katika kadi ambayo mgonjwa aliichukua mfukoni.

Matokeo yake nini? Katika kundi lisilofundishwa, robo ya watu walikuwa wamerudiwa na mania ilipotimia wiki ya 17. Katika kundi lililofundishwa, hata robo hiyo itimie zilipita wiki 65. Tena waliofundishwa walikwenda vizuri zaidi katika kazi na katika maisha pamoja na wenzao. Kwa upande wa sonona haikuonekana tofauti ya maana, na lazima tuseme hivyo bila kuficha, kwa sababu sonona huingia polepole kama unyevu ukutani, na dalili zake hufanana na uchovu wa kila siku. Lakini zile wiki 48 za uzima zilizoongezeka kwa upande wa mania si jambo dogo. Mfanyakazi aweza kuhesabu mwenyewe ni mishahara mingapi, na mama aweza kuhesabu ni usiku mingapi.

Wako waliofikiri kwamba simu za mkononi zitaifanya kazi hiyo peke yake. Huko Copenhagen, Maria Faurholt-Jepsen na Lars Vedel Kessing pamoja na wenzao waliwapa wagonjwa simu za kuandikia hali zao kila siku kwa miezi sita: usingizi, dawa, furaha na huzuni. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2015 hayakuonyesha kwamba dalili zilipungua kuliko kwa wale waliopewa simu za kawaida. Hata palionekana alama kwamba kujitazama kila siku kuliweza kuendeleza sonona kwa baadhi yao. Uchunguzi wa vyombo hivyo unaendelea, nasi tuutakie heri. Lakini fundisho ni kwamba kuandika mawingu tu hakuanui mpunga.

GHALA LA YUSUFU

Hapa namkumbuka Yusufu, ambaye Wakristo na Waislamu twamjua sote. Farao aliota ng’ombe saba wanono na saba waliokonda, na Yusufu akamweleza maana yake. Lau angaliishia hapo, Misri ingalikufa njaa ikiwa na habari kamili za njaa. Sifa ya Yusufu si kwamba alitabiri, bali kwamba alijenga ghala na kulijaza katika miaka ya shibe. Utabiri bila ghala ni huzuni iliyoletwa mapema.

Ghala la kijana mwenye bipola lajengwa wakati yu mzima, wala halihitaji fedha nyingi. Naliona lina vyumba vitano.

Kwanza ni usingizi. Mwaka 1987 Thomas Wehr na wenzake huko Marekani walieleza kwamba mambo mengi mbalimbali yaletayo mania yawezekana hupita katika mlango mmoja, nao ni kupungua kwa usingizi. Tufikiri basi: matanga ya kukesha, safari ya usiku, mtihani, mtoto mchanga, zamu ya usiku. Kijana mwenye ugonjwa huu na alale na kuamka kwa saa zile zile. Na mwajiri aliye na moyo wa utu ampe zamu ya mchana. Chama cha wafanyakazi kisione haya kulidai jambo hilo, kama kinavyodai viatu na kofia za kazi.

Pili ni dawa, ambayo nimekwisha kuisema. Naongeza tu kwamba kijana anayesema dawa inamtetemesha mikono au inamnenepesha hasemi uongo. Asikaripiwe, arudishwe kwa daktari ili kipimo kitazamwe.

Tatu ni kadi. Karatasi ya daftari yatosha. Iandikwe dalili tatu au nne za kijana mwenyewe, jina la mtu mmoja nyumbani na mmoja kazini, na kliniki anakotibiwa.

Nne ni maneno ya nyumbani. Mwaka 1988 Dk. David Miklowitz na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa waliotoka katika mania wakarudi kwenye nyumba zenye lawama na uadui mwingi walirudiwa zaidi katika miezi tisa iliyofuata. Baadaye Miklowitz alitunga mafundisho kwa jamaa nzima: kuujua ugonjwa, kusemezana bila kuumizana, na kutatua matatizo pamoja. Sisi tuna mabaraza na wazee wa kusuluhisha. Hatujapungukiwa vyombo vya kazi hiyo. Lakini mtoto anayeambiwa kila asubuhi kwamba ameiaibisha nyumba, au kwamba amerogwa na shangazi yake, hukaa juani bila kivuli.

Tano ni njia ya kufika hospitalini, nayo yapangwe mapema: nauli itatoka wapi, nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto. Kijana akianza kusema habari za kufa au za kujiua, hapana kusubiri kadi wala kikao. Asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe hospitalini siku ile ile.

JE, HUKU SI KUMPELELEZA KIJANA?

Wako watakaonipinga, nao wana haki ya kusikilizwa. Watasema: mnataka kumgeuza kijana kuwa mtu wa kuchunguzwa. Akicheka, mtasema mania. Akinyamaza, mtasema sonona. Akipenda msichana mtahesabu saa zake za kulala. Na mwajiri akiiona kadi hiyo atamfukuza.

Maneno hayo ni ya kweli, wala sitayapuuza. Ukoloni ulitufundisha jinsi inavyouma kutazamwa na jicho lisilokupenda. Kwa sababu hiyo nasema kwamba kadi ni mali ya kijana. Aiandike mwenyewe akiwa mzima, na achague mwenyewe watu wawili atakaowapa ruhusa ya kumwambia, “Ndugu, naona wingu.” Habari zake zisiingie katika faili la ofisi wala katika midomo ya mtaa. Balozi wa shina asaidie akiombwa, asiyeombwa anyamaze. Na sisi sote tujifunze kwamba furaha ya siku moja si dalili. Dalili ni mwendo wa siku kadhaa, tena mwendo ambao kijana mwenyewe amekwisha kuuandika. Mlinzi aliyechaguliwa na mwenye nyumba si sawa na askari aliyetumwa kumchungulia.

Lakini wale wasemao tumwache tu, ugonjwa ni siri ya mtu na Mungu wake, hao nawauliza: je, tulipomwacha yule kijana wetu ahutubie saa nzima huku tukipiga makofi, tulimheshimu?

NENO LA MWISHO

Chama cha wakulima na wafanyakazi kinajivunia nguvu ya mikono, na ni haki yake. Walakini tumekuwa wepesi mno wa kumsifu asiyelala na kumdharau asiyeamka, bila kuuliza kwa nini. Kila tawi, kila kiwanda, kila shule ina vijana wa namna hii, tujue au tusijue. Hatuwezi kuamuru ugonjwa usirudi. Twaweza kuhakikisha kwamba ukirudi utakuta watu wako macho.

Yule kijana alirudi kazini baada ya miezi sita, akawekwa zamu ya mchana. Siku moja aliniletea kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa na mistari mitatu: “Nikiamka kabla ya saa kumi za usiku siku tatu mfululizo. Nikiandika sana. Nikigawa vitu vyangu.” Chini yake palikuwa na jina la mama yake, na jina langu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, alinipa bila sababu saa yake ya mkononi. Nilimshukuru, kisha nikamwuliza ameamka saa ngapi. Alinitazama kitambo, akakasirika kidogo, halafu akacheka. Tulipanda basi pamoja kwenda kliniki asubuhi ile. Daktari alirekebisha dawa zake, akapumzika nyumbani siku kumi, akarudi kazini. Hapakuwa na kamba, wala polisi, wala umati kituoni.

Saa yake nilimrudishia. Karatasi bado ninayo.